Gliserini ya keki zangu inaishia kwenye sigara ya kielektroniki ya mdogo wangu

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 32, mkazi wa Nyakato hapa Mwanza, na kazi yangu ni kuoka keki za harusi, za kipaimara na za siku za kuzaliwa, kazi ninayoifanyia nyumbani katika jiko dogo lililoungana na sebule. Ninaishi na mwanangu wa mwaka mmoja na miezi minne, na tangu mwaka jana tunaishi pia na mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 24, aliyetoka nyumbani Ukerewe akapata nafasi ya kuuza vifaa vya simu pale Makoroboi. Ni kijana mwenye heshima na bidii, na nisingependa barua hii isomeke kama mashtaka dhidi yake.

Alianza kuvuta sigara akiwa kidato cha nne. Miezi michache iliyopita aliniambia kwa furaha kwamba ameacha, akanionyesha sigara ya kielektroniki, ile ambayo vijana wanaiita vepu, akasema kwamba hii haina moshi bali ni mvuke mtupu, nami nikamshukuru Mungu. Baada ya muda vimiminika vya dukani vikamshinda bei, na hapo ndipo jiko langu lilipoingizwa katika jambo hili. Anachukua gliserini ninayoitumia ili sukari ya kupambia keki isikauke, anaongeza kimiminika kingine kiitwacho propilini glaikoli, ambacho anakiagiza Dar es Salaam pamoja na chupa ndogo ya nikotini, kisha anatia ladha zangu za vanila na siagi, na siku nyingine matone ya mafuta ya mdalasini. Anapima kwa bomba la sindano, ambalo akimaliza hulirudisha kwenye kikombe ninachowekea miiko na brashi zangu. Mchanganyiko anauhifadhi katika vichupa vilivyokuwa vya dawa ya macho, na sasa wenzake watatu wa sokoni wanamlipa awatengenezee.

Nilipomuuliza kama jambo hili ni salama, alinipa jibu lililonifunga mdomo: "Dada, wewe unawalisha watu vitu hivi hivi kila Jumamosi na hakuna aliyekufa. Mimi sijaongeza sumu, nimeongeza joto tu."

Hata hivyo moyo wangu haujatulia. Kifaa chake kina kitufe cha kuongeza nguvu, naye hupenda kukipandisha ili mvuke uwe mzito. Na jioni nyingine, hasa kimiminika kinapokaribia kwisha, hutoka harufu kali inayochoma pua na kunitoa machozi, harufu ambayo naifahamu tangu utotoni lakini nashindwa kukumbuka ni ya nini. Pia kwa wiki tatu sasa anakohoa usiku, ingawa yeye anasema ni vumbi la mjini.

Je, hoja yake ina ukweli? Kitu kinacholiwa kinaweza kudhuru kwa sababu tu kimepashwa moto? Nami nifanye nini bila kumfukuza ndugu yangu, wala kumrudisha kwenye sigara?

Dada Mtu,
Nyakato, Mwanza

*

Marahaba, binti yangu, na pole kwa mzigo huu.

Nianze na ile harufu, maana naona pua yako ilikwisha kumjibu mdogo wako, ila ilikosa jina la kutaja. Mtu aliyekulia Ukerewe amesimama mara nyingi kando ya karai la kukaangia sato, na anajua kinachotokea mkaangaji anapoitwa nje akayasahau mafuta jikoni: yanaanza kufuka moshi mwembamba, koo linawasha, na hata aliyekaa ukumbini anafuta machozi. Kinachochoma hapo kinaitwa akrolini. Mafuta yote ya kula, yawe ya alizeti, ya mawese au ya pamba inayolimwa huku kwetu Kanda ya Ziwa, yamejengwa kwa gliserini iliyoshikana na asidi za mafuta. Joto likizidi, muungano huo unavunjika, na gliserini inapoteza maji yake na kugeuka akrolini. Mdogo wako ameifupisha safari hiyo, kwa kuwa yeye anaipeleka gliserini kwenye moto ikiwa imekwisha kutenganishwa na mafuta. Akrolini huunguza utando wa njia ya hewa, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iliwahi kutumika kama gesi ya kivita. Mkaangaji akiipata kidogo kwa bahati mbaya hukimbilia mlangoni, ilhali mvutaji anaivuta kwa kukusudia hadi ndani kabisa ya mapafu.

Sasa nije kwenye hoja yake, ambayo nakiri imepangwa vizuri, na mimi niliyekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa kwa miaka mingi nimeisikia kwa sura nyingi. Anasema hakuongeza kitu isipokuwa joto. Lakini wewe mwokaji, kuliko mtu mwingine yeyote, unajua joto linafanya nini. Sukari uliyoipima mwenyewe, isiyoguswa na kitu kingine, ikikaa kwenye sufuria kavu huyeyuka, ikawa ya dhahabu, ikawa ya kahawia, na ukichelewa dakika moja ikawa nyeusi na chungu kiasi cha kutupwa. Hukuongeza chochote, na bado kilichobaki ndani ya sufuria si sukari tena. Siku atakaporudia maneno yale, mwoneshe hivyo kwa vijiko viwili vya sukari, na itakuwa rahisi kuliko kumsomea barua yangu.

Ndani ya kifaa chake kuna waya mwembamba unaopashwa moto na betri, na waya huo umezungukwa na utambi, mara nyingi wa pamba, unaofyonza kimiminika kama utambi wa koroboi unavyofyonza mafuta ya taa. Propilini glaikoli huchemka kwenye nyuzi joto 188 za Selsiasi, na gliserini kwenye nyuzi 290 hivi. Utambi ukiwa umelowa vizuri, kimiminika kinachochemka kinaondoka na joto na waya haupandi sana, kama vile sufuria ya maharage isivyoweza kuungua maadamu ina maji. Lakini mtu akipandisha nguvu ili mvuke uwe mzito, utambi unatoa kuliko unavyofyonza, unakauka, na waya unafanya kile ambacho sufuria yako hufanya maji yakiisha. Vipimo vya maabara vimeonyesha waya uliokauka ukivuka nyuzi 300 kwa mbali. Kwa hiyo ile harufu unayoisikia kimiminika kinapokaribia kwisha haitoki kwa bahati. Ndiyo saa ambayo kifaa chake kiko katika hali mbaya kuliko zote.

Akrolini haiko peke yake. Gliserini na propilini glaikoli zikiunguzwa hutoa pia fomaldehaidi, ambayo ikiyeyushwa katika maji huitwa fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, na ambayo tangu 2004 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani imeiweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Portland, Marekani, walieleza kwamba katika kifaa walichokipima, fomaldehaidi haikuonekana kwenye volti 3.3, lakini kwenye volti 5 ilionekana kwa wingi. Watafiti wengine waliwapinga, wakasema kwamba mvuke wa namna hiyo una ladha mbaya ya kuungua ambayo hakuna mvutaji angeivumilia. Pingamizi hilo nalikubali kwa sehemu, na mtu mwaminifu hawezi kulificha. Lakini linaegemea juu ya mvutaji anayeacha kuvuta pindi aisikiapo harufu, na wewe umeniandikia kwamba harufu hiyo inakutoa machozi wewe uliye pembeni, huku yeye akiendelea.

Niongeze jambo moja dogo kuhusu utamu: kama anatia sukari au shira yako ndani ya mchanganyiko, aache leo, kwa sababu inaungulia kwenye waya, inaganda kuwa ukoko mweusi, na yenyewe pia hutoa kemikali zinazowasha.

Lakini hata tukiweka moto kando, lile neno "kinaliwa" linamdanganya. Ladha zako za keki zimepimwa kwa ajili ya tumbo, lenye asidi yake na lenye ini nyuma yake la kuchuja, na yeyote aliyeruhusu ziuzwe hakufikiria pafu. Mwaka 2000 iligunduliwa kwamba wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha kusindika bisi katika jimbo la Missouri, Marekani, walikuwa wamepata ugonjwa wa mapafu ambao vijia vidogo vya hewa vinaziba kwa makovu, wala makovu hayo hayaondoki. Uchunguzi uliishia kwenye diasetili, kitu kinachoipa siagi harufu yake, ambacho walaji wa bisi walikuwa wakikila bila shida huku wapishi wake wakikivuta kikiwa kimepashwa moto kwenye mapipa. Mwaka 2015 watafiti wa Harvard walipima vimiminika 51 vya sigara za kielektroniki vyenye ladha, wakakuta diasetili katika 39. Ni kweli kwamba moshi wa sigara ya kawaida una diasetili nyingi zaidi, na mdogo wako akiisikia habari hii kutoka kwa wenzake atakuja kukutolea hoja hiyo, basi uijue mapema. Hata hivyo ladha yako ya siagi haina cha kufanya ndani ya pafu la mtu. Mafuta ya mdalasini yanatisha vilevile, kwanza kwa sababu kiini chake, sinamaldehaidi, kimeonekana maabara kikizizuia zile nywele ndogo zinazosukuma makohozi kutoka mapafuni, na pili kwa sababu kitu chochote cha mafuta kikiingia mapafuni kwa wingi kinaweza kuleta namna ya nimonia isiyotokana na kijidudu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitokea Marekani mwaka 2019, na ningependa umsimulie taratibu. Vijana wenye afya walianza kufika hospitalini wakihema kwa shida, wakiwa na homa na kutapika, na kufikia Februari 2020 waliolazwa au kufariki walikuwa wamefikia 2,807, wakiwemo 68 waliofariki. Wengi wao walikuwa wakivuta vimiminika vya bangi vilivyotengenezwa vichochoroni, ambavyo wauzaji walivizimua kwa aina ya vitamini E. Madaktari walipochunguza majimaji kutoka mapafuni mwa wagonjwa 51, walikuta vitamini hiyo kwa wagonjwa 48. Vitamini E inapakwa usoni, inamezwa kwa vidonge, inauzwa kila duka la vipodozi kuanzia mjini hadi Igoma. Na bila shaka wale wauzaji nao walijiambia kwamba hawajaongeza sumu.

Swali la usafi wa viungo ningelipita haraka kama lisingekuwa limegharimu maisha ya watoto. Gliserini na propilini glaikoli zenye asili isiyojulikana zimewahi kukutwa na diethilini glaikoli, sumu ya figo inayofanana nazo kwa macho na kwa utamu, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa za maji za watoto zilizokutwa na sumu ya jamii hiyo nchini Gambia. Soma chupa yako mwenyewe kwa ajili ya keki zako pia, kwa sababu gliserini nyingi madukani kwetu ni ya kupaka ngozi, na kama haikuandikwa kwamba ni ya chakula, isiingie jikoni.

Umeniuliza pia usimrudishe kwenye sigara, na hapo nakuunga mkono kwa nguvu zote. Sigara ya kawaida inaunguza tumbaku, inatoa lami na gesi yenye sumu ya kaboni monoksaidi, na mvutaji aliyehama kabisa kwenda kwenye kifaa kilichotengenezwa chini ya udhibiti anapokea sumu chache kuliko awali. Huko Uingereza wahudumu wa afya huwaambia wavutaji hivyo waziwazi. Lakini huko huko diasetili na vitamini hazikubaliwi ndani ya kimiminika, na nikotini haivuki miligramu 20 kwa mililita. Anapojilinganisha na mvutaji wa Uingereza, mdogo wako anaazima usalama wa bidhaa ambayo si yake.

Sasa nikuambie kilichonifanya niisome barua yako mara mbili, na hakikuwa moto wala mvuke. Ni lile bomba la sindano ndani ya kikombe cha miiko, pamoja na vile vichupa vya dawa ya macho.

Mwombe akuoneshe maandishi ya chupa ya nikotini. Ikiwa imeandikwa miligramu 100 kwa mililita, kama ilivyo mara nyingi kwa nikotini ya kuchanganyia, kijiko kimoja cha chai kina miligramu 500, wakati sigara moja humpa mvutaji miligramu moja au mbili tu. Nikotini hupenya ngozi. Mtoto wa umri wa wako, anayeokota kila kitu na kukipeleka mdomoni, hahitaji kijiko kizima. Desemba 2014 mtoto wa mwaka mmoja alifariki katika jimbo la New York baada ya kumeza nikotini ya maji. Wewe mwenyewe unaweza kuamka usiku, mtoto ana macho yanayotoa tongotongo, taa ya simu mkononi, ukanyoosha mkono kwenye kichupa ambacho umbo lake umelizoea. Na wateja wako, ambao hawajui lolote, wanakula keki iliyopakwa siagi kwa brashi iliyolala kikombe kimoja na bomba lile.

Hili halihitaji mashauriano ya familia. Leo hii nikotini itoke jikoni, iwekwe mahali pa juu panapofungwa kwa ufunguo, au bora zaidi itoke nyumbani kabisa. Vichupa vya dawa ya macho vikusanywe vyote, pamoja na alivyowapa wenzake. Brashi na miiko iliyokaa kwenye kikombe kile uinunue upya, nami najua brashi nzuri si bei rahisi. Mtoto akionekana anatapika ghafla, anatokwa mate na jasho, au anatetemeka, usimtapishe wala usimpe maziwa, mvue nguo iliyolowa, mwoshe ngozi kwa maji mengi na umkimbize Bugando au hospitali iliyo karibu zaidi, ukiwa na chupa mkononi. Kuvuta ndani ya nyumba nako kukome, kwa kuwa mvuke ule una nikotini inayotua kwenye mikeka na mapazia anayoyashika mtoto.

Kuhusu wenzake watatu, mwambie wazi kwamba tangu siku alipopokea fedha amekuwa mtengenezaji, na mtengenezaji anaulizwa alichotia. TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo tangu 2021 imepewa pia jukumu la kudhibiti bidhaa za tumbaku, ina ofisi yake ya kanda hapa hapa Mwanza, na hakuna haja ya kusubiri mmoja wa vijana wale alazwe ndipo ajue njia ya kufika huko.

Na yeye mwenyewe usimwendee kwa ukali. Anza na lile alilolifanya vizuri, kwamba aliweza kuziacha sigara alizozizoea tangu akiwa shuleni, jambo ambalo wanaume wa rika langu wengi walishindwa hadi kaburini. Kisha mwombe afungue kifaa mbele yako, autoe ule utambi wa zamani na kuuweka kwenye kisahani cheupe. Mimi nina hakika utakuwa mweusi na wenye ukoko, na wewe unajua jinsi ya kukisoma chungu kilichoungua. Kama bado mwili wake unadai nikotini, kuna jojo na plasta za nikotini, ambazo tangu 2009 zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Muulizie mfamasia, na aanze nazo huku akipunguza.

Kikohozi cha wiki tatu, kwa utaratibu wa nchi yetu, kinatosha kupimwa kifua kikuu, na kipimo hicho hakilipiwi katika vituo vya serikali, basi asindikizwe hospitali ya Sekou Toure wiki hii hii. Jambo la msingi ni kwamba daktari aambiwe ukweli wote: gliserini, siagi, mdalasini, kitufe cha kuongeza nguvu, tangu lini na mara ngapi kwa siku. Daktari asipoambiwa ataona kifua kilichochafuka kwenye picha na kutafuta kijidudu, ampe dawa za nimonia, na kijana arudi nyumbani akavute usiku huo huo. Kama anaona aibu kuyataja mbele ya wagonjwa wengine, mwandikie wewe kwenye karatasi, kwa mpangilio ule ule unaoandikia keki ya mteja, na vipimo vyake pembeni.